Mguu wa Kushoto

Magongo yetu alichonga fundi Masalu wa Mabatini,
mzoefu wa miguu ya vitanda,
ndiyo maana, tulitaniana,
kila shuti letu lilikwenda kutafuta usingizi.
Mti wa mpera, ncha imepindwa kwa mvuke wa sufuria,
mpini umeviringwa mpira wa tairi la baiskeli.
Manne tu yalikuwa ya dukani,
ya Singasinga mmoja wa gereji, barabara ya Rwagasore,
aliyecheza ujanani, akatukabidhi na neno moja:
Inameni, mabinti. Asiyejua kuinama, mchezo huu haumjui.

Tukainama muhula mzima.

Kisha Julai, tisini na tatu, shule sita,
uwanja wa Butimba umepigwa mistari ya majivu
kwa kuwa chokaa yote iliishia jukwaani kwa mgeni rasmi.
Upepo wa ziwa ukaja saa tisa kama kawaida yake,
ukafuta mstari wa goli kabla ya mapumziko.
Hakuna aliyeuchora tena.

Fainali, sisi na Musoma.
Walikuja juu ya lori la pamba, nyuzi nyeupe zingali nywelani,
na beki wao Nyangeta, mwanya mbele, kimya,
alininyang'anya mpira mara saba. Nilihesabu.
Ya nane, nikaanza kumwogopa.

Dakika ya mwisho, au ya kabla ya mwisho
(saa ilikuwa ya mwalimu Bulugu, na mwalimu Bulugu
wakati huo alikuwa anatema wadudu wa ziwani,
wingu zima limemwingia, filimbi ingali mdomoni),
mpira ulitoka kulia, ukadunda kwenye kokoto,
ukanigonga kisigino. Cha kushoto.
To.
Sauti ndogo, kama mtu anayeweka kikombe mezani.
Katika magongo mguu ni mwiko, hata muuza karanga alijua.
Mpira ukatulia mbele yangu, mtiifu.
Nikausukuma.

Nyangeta hakunitazama usoni.
Alitazama kisigino.
Akainua mkono, kisha akaushusha, akajifutia jasho.

Birika la nikeli ndilo lilikuwa kombe,
na mbuzi, na kreti mbili za soda.
Mbuzi tulimla Jumapili; mimi nilitafuna polepole.
Picha ingali ofisini kwa mkuu wa shule:
nimesimama katikati, mguu wa kulia mbele,
wa kushoto nimeuficha nyuma ya sketi ya Kabula.

Sasa Kabula anauza vipuri Igoma.
Ngollo, kipa wetu, tulimzika Magu, mwaka wa mvua zile,
na mtu akachomeka gongo kaburini, la mpera,
tukaambiana huenda litachipua.
Halikuchipua. Nilikwenda kutazama.

Mwaka huu kisigino kimeanza kuniuma.
Januari nikapanda kilima cha Bugando, nikipumzika kila kona,
nikaketi chumba cha mazoezi ya viungo.
Mama wa miwani akasoma jina langu kwenye faili.
Akalisoma tena.
"Mguu upi?"
"Wa kushoto."
"Najua," akasema, na mwanya ukaonekana.

Akainama. Akabonyeza kwa kidole gumba, palepale.
"Hapa?"
"Hapo."
"Tangu lini?"
Dirishani, ghuba ilikuwa imejaa magugu maji,
kijani tupu, uwanja usio na mstari hata mmoja.
"Tangu Julai," nikasema, "tisini na tatu."

Hakucheka mara moja. Alimaliza kwanza kunikanda,
kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, kisha akacheka
hadi mgonjwa wa kitanda cha pili akauliza kuna nini.

Kwenye mteremko nilifungua kadi nione dawa.
Mwandiko wake umelala kulia, kama mtu anayekimbia:
Kisigino kiliguswa. Mgonjwa amekiri.
Arudi Alhamisi.